Nukta Isiyofutika

Ilikuwa nyekundu, ndogo kuliko punje ya wimbi, na ilikaa karibu na katikati ya kioo, juu kidogo, upande wa kulia. Aliyeiona kwanza ni binti yangu. Laptopu tulikuwa tumeiweka juu ya meza ya chakula, plastiki zake bado zimeng'ang'ania kingo, tukaiwasha. Kioo kikiwa cheusi kabla ya programu kuamka, nukta ikawaka peke yake. Binti akalamba ncha ya kidole akaisugua. Akavuta pindo la sweta ya shule akasugua tena. "Mama, haitoki." Nikamwambia aache, atakwaruza kioo. Alipokwenda kulala, nikasugua mimi.

Huo ulikuwa mwezi wa Agosti, 2018. Nilikuwa na kibanda Kondele, hapa Kisumu, cha kuchapa na kutoa nakala: barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mitihani ya majaribio ya shule za jirani. Lakini unga wa nyumba yangu uliletwa na programu za mazishi, vile vijitabu vyenye picha ya marehemu jaladani. Anayekaa huku anaijua ratiba yake. Ijumaa mwili hutoka mochari na msafara huelekea nyumbani, Jumamosi ni maziko, kwa hiyo sisi wachapaji usiku wa Jumatano na wa Alhamisi si wa kulala. Kompyuta yangu kubwa ya mezani ilikuwa imeungua na radi mvua za masika. Zamu yangu ya kupokea fedha za chama chetu cha kuchangishana ilipofika, nikaongeza akiba niliyokuwa nayo, zikatimia shilingi 54,000, nikashuka mjini hadi barabara ya Oginga Odinga. Wenzangu walinishauri ninunue iliyotumika ng'ambo, ni nafuu. Nilikataa. Nilitaka mpya, katoni ifunguliwe mbele yangu, nipewe risiti na waranti ya mwaka mmoja. Nilikuwa sijawahi kununua kitu kipya cha bei ile maishani mwangu.

Kesho yake nikairudisha dukani. Kijana wa kaunta akaiwasha, akafungua ukurasa mweupe wa kuandikia, akauliza, "Iko wapi, dada?" Haikuwepo. Nikamwomba afungue picha yenye giza, ikajitokeza. Wakati ule sikuwa na maneno ya kueleza jambo hilo. Baadaye niliyapata. Kioo kama changu kina pikseli, vile vijinukta vinavyounda picha, 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani 2,073,600, na kila moja ina vidirisha vitatu, chekundu, kijani na buluu, na taa nyeupe nyuma yake. Kidirisha chekundu kikikwama wazi, hutakiona mahali peupe kwa sababu weupe wenyewe unahitaji wekundu huo. Kitakuonyesha uso wake penye giza. Na kazi yangu mimi ilikuwa suti nyeusi, nywele nyeusi na nyuso za watu weusi.

"Ni moja tu," kijana akasema. "Kampuni haihesabu moja. Utazoea."

Neno lile utazoea nilitoka nalo dukani kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu na akaona haya kuhesabu mbele ya watu. Ni kweli kuna kiwango cha kimataifa, ISO 9241-307 cha mwaka 2008, kinachogawa skrini kwa madaraja kulingana na pikseli mbovu zinazovumiliwa, na daraja la juu kabisa halivumilii hata moja. Lakini hakuna aliyeniambia kabla sijalipa kwamba madaraja yapo, wala kioo changu ni cha daraja gani. Mwenye kuuza mchele huuonyesha mchele wake. Akisema una chuya, mnapatana bei.

Basi nikaanza kuishi nayo. Nukta haikuwa peke yake. Wiki ya tatu upande wa kushoto wa kioo ulianza kuwa wa manjano, kama karatasi iliyosahaulika dirishani. Pembe ya chini ilivuja mwanga. Ukifungua kitu cheusi usiku uliona weupe umechungulia pale kama taa chini ya mlango. Bawaba ya kulia ililia kila nilipofunua kifuniko. Kitufe kirefu cha kuachanisha maneno kilibonyea upande mmoja, kwa hiyo nilijifunza kukipiga kwa dole gumba la kushoto tu. Oktoba ikazuka nukta ya pili, hii nyeusi, pikseli iliyokufa kabisa, nayo ilionekana kwenye ukurasa mweupe. Niliwahi kuhangaika na sentensi ya mtu dakika nzima nikitafuta jinsi ya kuondoa kituo ambacho hakikuwepo.

Nilirudi dukani mara ya pili. Safari hii wakasema ni programu nilizoweka mwenyewe. Fundi mmoja wa simu, jirani yangu pale Kondele, ndiye aliyenitoa ujinga. Akapiga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, akaituma kwenye simu yangu. Kwenye simu hakukuwa na nukta wala umanjano. Kisha akaunganisha laptopu na televisheni ya hoteli ya jirani kwa waya. Safi. "Mama, programu zako hazina kosa," akasema. "Kosa liko kwenye kioo chenyewe." Mchezo huo wa picha ya skrini nimewafundisha watu wengi tangu siku ile. Haugharimu chochote, na unamaliza ubishi.

Jambo moja fundi hakuniambia, na sidhani alilijua: kule kuzoea kulikuwa kunanifanya nini mimi. Nilikuwa nimejijengea desturi. Kila nilipoona doa kwenye picha, nilisogeza picha kidogo. Doa likibaki mahali pake, ni la kioo, niliache. Doa likisogea na picha, ni uchafu wa picha, nilifute. Na nilipolipata lililosogea nilifurahi. Ninalisema hili kwa sababu ni kweli. Mkono wangu ulikuwa umeshinda miezi na nukta zisizofutika, ukawa na njaa ya nukta inayofutika.

Jumatano moja ya Novemba, jioni, kijana aliyefunga kitambaa cheusi mkononi aliniletea picha ya babake. Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu wa Nyakach. Picha ilikuwa ya siku yake ya kustaafu: koti jeusi, tai, macho yametazama pembeni kidogo kana kwamba kuna mtu anamwita. Ilikuwa imeskaniwa vibaya, ina vumbi na mikunjo. Walitaka kurasa nane, jalada la karatasi ya kung'aa, nakala 200, zichukuliwe Alhamisi mchana.

Mvua ya ziwani ilikuja na ngurumo zake kama saa mbili usiku, stima ikapotea. Betri ilionyesha asilimia 61, nami nilijua sitapata saa moja na nusu. Nikapunguza mwanga wa kioo nisiumalize moto, nikaanza na jalada. Uso niliuweka kushoto, jina na tarehe kulia, kwa sababu ndivyo alivyotazama. Kushoto ndiko kulikokuwa na umanjano. Ngozi ya mzee ikaonekana kama ya mtu mwenye homa ya ini. Nikaipunguza manjano, nikaongeza buluu, nikaipunguza tena, mpaka kwenye kioo akaonekana mtu mzima wa afya. Kisha nikaanza kusafisha. Vumbi kwenye koti, mkunjo juu ya paji la uso. Kando ya pua, upande wa kushoto, palikuwa na doa jeusi. Nikasogeza picha. Likasogea. Nikalifuta kwa pigo moja, ngozi ikalala laini pale kama hapakuwahi kuwa na kitu. Nakumbuka jinsi nilivyopumua.

Stima ilirudi karibu saa nane. Mpaka alfajiri majalada 200 yalikuwa yamelala mezani yakisubiri kukunjwa.

Aliyekuja kuchukua hakuwa yule kijana. Alikuja mjane mwenyewe, na binti yake amemshika kiwiko. Nilimpa kiti. Nikamwambia, "Pole sana kwa msiba, Mama." Akaitikia, akapokea nakala moja, akaitazama kwa muda mrefu. Hakukasirika, na nadhani angekasirika nisingeumia kama nilivyoumia.

"Mwanangu," akasema, "huyu ni nani?"

Nikadhani msiba umemchanganya. Nikasema ni Mwalimu.

"Mwalimu hakuwa na rangi ya samaki aliyelala. Na alama yake iko wapi?" Akaweka kidole kando ya pua yake mwenyewe. "Alizaliwa nayo hapa. Watoto wangu wote, wakianza kukaa kwenye magoti yake, kitu cha kwanza walichokishika ni hiyo. Huyu naye," akamgusa bintiye, "aliidhani ni nzi."

Nilichukua jalada nikatoka nalo nje. Chini ya jua, penye ukweli, nikaona alichokiona. Uso ulikuwa umepauka na kuingia ubuluu, kwa sababu kila manjano niliyoiondoa ilikuwa ya kioo wala si ya mtu. Na kando ya pua palikuwa patupu.

Nilimweleza yote. Sikujua pa kuanzia, nikaanzia kwenye nukta. Nilimgeuzia laptopu, nikamfungulia ukurasa mweusi, nikamwonyesha nyekundu, kisha nikafungua mweupe nikamwonyesha nyeusi na umanjano wa kushoto. Akainama, akanyoosha kidole, akaisugua ile nyeusi polepole kwa ncha ya kucha. Wote huisugua.

"Wamekuuzia hivi? Mpya?"

"Mpya, Mama."

Akatikisa kichwa, akarudi kitini. "Basi turudie. Nitakaa."

Kioo nisingeweza kukiamini tena, kwa hiyo nilifanya kazi kama kipofu. Alama niliirudisha kutoka kwenye picha ya kwanza, ambayo namshukuru Mungu sikuwa nimehifadhi mabadiliko yangu juu yake. Kwa rangi, nilipanga nyuso sita ndogo kwenye karatasi moja ya kung'aa, ya kwanza kama ilivyoskaniwa, nyingine nimeongeza nyekundu kidogo, nyingine manjano kidogo, nyingine giza, kila moja na nambari yake chini, nikaichapa. Mjane na binti wakaipeleka nje, karibu na kituo cha bodaboda, wakaigeuza huku na huku juani. Vijana wa boda wakanyamaza walipoona ni kitu cha msiba, mmoja akavua kofia. Nilisimama mlangoni. Binti alisema nambari tatu. Mama yake akasema, "Tatu ni alipokuwa kijana. Tano." Tukachapa tano.

Majalada mapya yalinigharimu wino na karatasi za kung'aa zote nilizokuwa nazo, na sikumdai hata ndururu. Alitaka kulipa, nikakataa. Walipoondoka saa kumi hivi, aliniomba yale 200 ya kwanza. Hakutaka yabaki kwangu, wala yafungiwe mandazi sokoni. Binti akayabeba kwenye gunia la nailoni.

Nilibakiwa na moja tu, lile alilokuwa ameshika, na moja la tano. Jumatatu niliyachukua yote mawili, na risiti, na laptopu, nikaenda dukani. Shemeji yangu, karani mahakamani, alikuwa ameniandikia kwenye karatasi Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia ya hasara iliyoletwa na kasoro, na chini yake Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012. Nilikataa kuzungumza na kaunta. Nilikaa mpaka mwenye duka akatoka. Nikamwekea nyuso mbili za mtu mmoja juu ya meza, sikusema neno kwanza. Akazitazama. Karatasi ya shemeji niliitoa baadaye, naye akaisoma kwa makini kuliko nilivyotarajia. Laptopu ikapelekwa Nairobi, ikakaa wiki tatu, na wiki hizo nilikodi mashine ya mwenzangu kwa siku, faida yote ikaishia huko. Ilirudi na kioo kipya. Kitufe kirefu hawakukigusa, na bawaba bado inalia.

Jioni hiyo niliiwasha nyumbani kwenye meza ileile. Binti yangu akasimama nyuma yangu, mkono tayari kwenye pindo la sweta. Nikamfungulia kweusi. Hapakuwa na kitu. Kweupe, hapakuwa na kitu. Kisha nikafungua picha ya Mwalimu, ile ya kwanza, yenye vumbi na mikunjo yake. Ile alama ilikuwa kando ya pua. Nikaisogeza picha kushoto, ikaenda nayo. Nikaisogeza kulia, ikarudi nayo.