Jinsi nilivyozoea kuishi Lamu bila vasopresini ya kutosha

Kiu ilinianza majuma machache baada ya kuangushwa na punda na kuumia kichwa. Nilikunywa maji mchana na usiku, na yote yalitoka upesi yakiwa mkojo usio na rangi. Jamaa walisema ni kisukari, na hawakuwa na lawama, kwa kuwa dalili zinafanana. Hata hivyo sukari haikuonekana katika damu wala katika mkojo.

Hospitalini nilizuiliwa kunywa maji chini ya uangalizi, huku nikipimwa uzito, damu na mkojo. Damu ilizidi kukolea ilhali mkojo ulibaki mwepesi, mpaka nilipodungwa desmopresini, ambayo ni dawa inayofanya kazi ya homoni ya vasopresini, ndipo mkojo nao ukakolea. Figo zangu, basi, zilikuwa nzima. Kilichopungua kilikuwa ni homoni ya kuziamuru zirudishe maji mwilini.

Daktari alinieleza jambo hilo kwa subira, nami naona maelezo yake yamenifaa kuliko tembe zenyewe za desmopresini ninazomeza. Vasopresini hutengenezwa katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, kisha huwekwa nyuma ya tezi ya pituitari. Damu ikikolea hata kwa asilimia 1 au 2, vihisio vya ubongo hutambua na homoni humwagwa katika damu. Ikifika kwenye mirija ya mwisho ya figo, hushika vipokezi vya V2 vilivyo juu ya seli, na vijitundu vya protini viitwavyo akwaporini-2, vilivyokuwa vimefichwa ndani, husogezwa hadi kwenye ukuta unaogusa mkojo. Hapo maji hupenya na kurudi mwilini, yakivutwa na chumvi iliyolimbikizwa katika kiini cha figo. Figo huchuja takriban lita 180 kwa siku, na sehemu kubwa hurudishwa bila kuihitaji homoni hii. Lakini mirija hiyo ya mwisho ndiyo huamua kama mtu atakojoa lita 1 au 2, au zaidi ya 10. Ugunduzi wa vijitundu hivyo vya akwaporini ndio uliompatia Peter Agre wa Marekani Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003.

Kutokana na hayo nilielewa kwamba hatari yangu ina pande mbili. Dawa ikiwa bado inafanya kazi, figo haziwezi kuyatoa maji ya ziada, hivyo nikinywa kwa mazoea tu, sodiamu, yaani madini ya chumvi, katika damu hushuka, na ikishuka sana huleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa, hata degedege. Kwa hiyo hunywa pale tu ninapoona kiu, jambo gumu katika mji ambapo mgeni hakaribishwi bila sharubati, na mara kwa mara, kwa ushauri wa daktari, huchelewesha tembe mpaka mkojo mwingi urejee, ndipo nimeze nyingine. Sodiamu hupimwa kwa ratiba aliyoniwekea.

Nikivuka kwenda Mokowe kupanda basi, maji na tembe huwa mkononi, kamwe si katika mizigo ya butini. Saumu ya Ramadhani sifungi, natoa fidya. Mfukoni nina kadi inayosema kwamba, nikikutwa sijitambui, nisinyimwe desmopresini, na sodiamu yangu ipimwe kwanza kabla ya kutundikiwa dripu yoyote.