Piki inasumbua kwa silensa lakini kwa highway iko sawa? Usinunue koili bado

Kuna shida moja ya pikipiki inakula watu pesa hapa Nakuru na inaniuma sana nikiona mtu wa boda akitoa pesa ya siku nzima kununua spea ambayo hakuhitaji. Piki ikiwa barabara kubwa iko poa kabisa, unashika ya Njoro unapiga 60, 70, hakuna neno. Sasa ingia jam ya Kenyatta Avenue, achilia mafuta kidogo, inaanza kukohoa, silensa, yaani ule mngurumo wa injini ukiwa hujaifungulia mafuta, inapanda inashuka, ukisimama inazima. Kuondoka na gia ya kwanza lazima uifungulie mafuta mingi na uachilie klachi polepole, la sivyo inakufia katikati ya barabara ukiwa na abiria na matatu iko nyuma inakupigia honi.

Unapeleka kwa fundi, anaanza na plagi. Haiponi. Anasema ni koili, ile inapeleka umeme wa cheche kwa plagi, unanunua koili. Kisha CDI, kile kiboksi kinachoamua cheche itoke saa ngapi. Kuna jamaa wa steji yetu aliambiwa mpaka ringi za pistoni zimeisha, ifunguliwe injini, na hiyo piki ilikuwa inapanda upande wa Menengai na magunia bila kulalamika, haitoi moshi, haimalizi oili. Piki yenye ringi zimeisha haivuti mlima namna hiyo jamani. Nilimwambia asifungue kitu.

Hizi piki za kazi nyingi, 100, 125, 150, bado ni za kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa kabla iingie injini, na kabureta haipitishi mafuta njia moja. Kuna jeti, yaani kipande cha shaba chenye kishimo cha kupitisha petroli, na ile ndogo inaitwa slow jeti, hiyo ndiyo inalisha injini kuanzia silensa mpaka ukifungua mafuta kama robo hivi. Kutoka hapo sindano ya ndani ya kabureta inashika usukani, na ukifungua mpaka mwisho kazi inakuwa ya main jeti. Kwa hivyo piki ikisumbua chini peke yake na juu iko sawa, tayari imekuonyesha pa kuanzia. Sisemi haiwezi kuwa plagi, plagi chafu inasumbua silensa pia, lakini plagi unaitoa unaiangalia na hujatumia hata shilingi. Ikiwa rangi ya kahawia iko sawa, nyeupe kabisa ujue mafuta ni kidogo ama kuna hewa inaingia, nyeusi ya masizi ujue mafuta imezidi, na hapo angalia ea klina, ile filta ya hewa, kwanza juu ea klina ikiziba na vumbi inafanya hivyo hivyo.

Kuna test moja ya bure ambayo sielewi mbona mafundi wengi hawaifanyi. Washa piki ipate moto vizuri, ikianza kusumbua kwa silensa vuta chok kidogo, ile ya kuwashia piki ikiwa baridi, inaongeza mafuta kwa hewa. Ikitulia, inakosa mafuta ama inavuta hewa mahali haifai. Ikizidi kukohoa ama izime, mafuta tayari ni mingi na chok imeiongezea. Kwa sekunde chache umejua uende upande gani.

Ikitulia na chok, kabla ufungue kabureta angalia ile raba inayoshikanisha kabureta na injini. Usiiangalie tu hivi kwa juu, imefunikwa na vumbi na oili utaiona nzima. Ipanguse, uikunje na kidole, na ikiwa imezeeka utaona mistari inafunguka kama magaga ya kisigino, na hewa inapita hapo. Hiyo hewa haijapimwa na kabureta. Ukiwa na speed ni kidogo ukilinganisha na ile injini inavuta, huisikii, lakini kwa silensa injini inavuta hewa kidogo sana kwa hivyo hiyo ya kuiba inaharibu kila kitu. Ukitaka kuhakikisha chukua maji na chupa ya kunyunyiza, nyunyiza hapo kwa raba piki ikinguruma, mlio ukibadilika umepata mwizi. Kuna wenye wanafanya hii test na petroli, tafadhali wachana na hiyo kabisa, injini iko na moto na cheche iko hapo karibu.

Raba ikiwa nzima sasa nenda kwa slow jeti. Funga petroli, mwaga ile iko kwa bakuli la kabureta, fungua bakuli, utaona jeti mbili za shaba, ile ndogo ndiyo yenyewe. Itoe na bisbisi inayoingia sawasawa juu shaba ni laini, ukiikwaruza kichwa haitatoka tena. Ishike uitazame juu kwa mwanga. Hicho kishimo ni chembamba kuliko sindano ya kushona, na inafaa uone nukta ya mwanga iliyo mviringo kamili. Ukiona nusu ama usione kitu, shida yako ndiyo hiyo. Piki iliyokaa bila kuwashwa miezi inakuwa hivyo mara nyingi, petroli inakauka inaacha kitu kama gundi, na uchafu wa jerikeni na kutu ya tangi pia huishia hapo kwa sababu hapo ndipo pembamba zaidi.

Usichokore na waya ngumu wala pini. Ukipanua hicho kishimo hata kidogo mafuta inaongezeka na hakuna vile utaipunguza, ni kununua jeti ingine. Iloweke kwa dawa ya kusafisha kabureta, kisha nenda kwa mtu wa pancha akupulizie na kompresa, hiyo jeti na ile njia yake ndani ya kabureta. Kama kabureta yako ni ya diaframu, ile raba nyembamba ya ndani, itoe kwanza kabla ya upepo juu itachanika. Na ukirudisha weka filta ya petroli, la sivyo utarudi hapo hapo.

Kuna skrubu mbili watu wanachanganya. Moja inapandisha silensa tu. Hiyo ndiyo fundi mwenye haraka anazungusha, piki haizimi tena, unalipa unaenda, na kesho gia ya kwanza inaingia na kishindo, mafuta inaisha haraka, na ugonjwa bado uko. Hiyo naipinga kabisa, ni kumfunika mtu macho. Ya pili ni ya mchanganyiko wa petroli na hewa. Ikiwa iko upande wa injini, ukiifungua unaongeza mafuta, ikiwa upande wa ea klina, ukiifungua unaongeza hewa. Ifunge polepole mpaka iguse, usikaze ncha itavunjika, kisha fungua mzunguko mmoja na nusu hivi, washa injini ipate moto, halafu zungusha kidogo kidogo ukisikiliza pale inanguruma laini zaidi.

Hapo pia mahali unaishi inaingia. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari na Nakuru kama 1,850, hewa ya huku ni nyepesi. Piki iliyosetiwa Kondele, kule Kisumu, ikija huku inakuwa na mafuta mingi kidogo kwa silensa, plagi inaanza kuwa nyeusi, mwenyewe anafikiri imeharibika njiani. Binamu yangu alikuja nayo hivyo, tukagusa hiyo skrubu ikatulia, na nikamwambia akirudi airudishe.

Kama yote hayo yako sawa, uliza tapeti, zile za kuset nafasi ya valvu, zilisetiwa lini. Watu wanapenda injini imenyamaza, lakini tapeti zikikazwa sana valvu haifungi vizuri, kompresheni inavuja, na kwa mwendo mdogo ndiyo kunakuwa na nafasi ya kuvuja zaidi. Dalili yake ni piki kukataa kuwaka ikiwa moto. Zinapimwa injini ikiwa baridi, na kipimo chenyewe, kwa namba za kitabu cha piki yako, si kwa kukisia na kidole.

Ukimaliza hapo na bado inazima, sasa ndio uongee kuhusu koili na CDI, na hata hivyo azima ya mtu wa steji mwenye piki kama yako uijaribu kwanza, ukiona imebadilika ndio uende dukani.