Dakika 3 za kusubiri mkanda

Leo siku ya nne tangu tukimbie, miguu imeshapona ila kichwa bado kiko pale kwenye mstari wa kupokezana, kwa hiyo acha niandike kabla haijanitoka.

Kwa asiyezijua hizi mbio, ni marathon ileile ya kilomita 42.195 ila mnagawana watu sita, wa kwanza 5, wa pili 10, wa tatu 5, wa nne 10, wa tano 5, alafu wa mwisho anamalizia 7.195. Hakuna kijiti kama cha uwanjani, kuna mkanda wa kitambaa, unaupitisha begani unashuka kifuani mpaka kiunoni upande wa pili, na ukikaribia kumaliza unauvua ukiwa bado unakimbia, unaunyoosha kwa mikono miwili ili mwenzio aukamate vizuri. Wajapani ndo walianzisha, wanaziita ekiden, ya kwanza ilikuwa 1917 kutoka Kyoto mpaka Tokyo, zaidi ya kilomita 500, wakapokezana mchana na usiku kwa siku tatu. Na Kenya wakaenda hukohuko Japani, Chiba, mwaka 2005, timu ya wanaume ikamaliza kilomita zote 42 kwa saa 1 dakika 57 na sekunde 6. Sisi klabu yetu saa 3 na dakika 38. Naipenda hiyo saa 3 na dakika 38 yani siwezi kueleza.

Mi nilipangiwa kipande cha nne, kilomita 10. Kapteni alinambia mapema, kimbia dakika 5 na sekunde 10 kwa kilomita, usiongeze kasi kuliko hapo mpaka kilomita ya saba. Nikasema sawa, na nilimaanisha.

Kitu ambacho hakuna aliyenieleza ni kusubiri. Ukikimbia peke yako bunduki ikilia umeondoka, hapa unapasha mwili, unavua koti, unasimama nyuma ya mstari, mtu wa kipaza sauti anaita namba za timu zinazokaribia, namba yako ikiitwa unasogea mbele. Yetu haikuitwa. Dada wa kipande cha tatu huwa anamaliza 5 zake kwa dakika 24, mazoezini hajawahi kuzidisha, kwa hiyo nilikuwa nimepiga hesabu atafika saa ngapi na ile dakika ikapita. Ikapita ya pili. Watu waliokuja mstarini baada yangu wakawa wanachukua mikanda yao wanaondoka na mi nimebaki narukaruka pale, jasho la kupasha limeshakauka mgongoni na baridi imeanza kuingia.

Hapo ndo nikakumbuka Hakone. Ni ekiden ya wanafunzi wa vyuo vikuu, ipo tangu 1920, inakimbiwa tarehe 2 na 3 Januari, kila timu watu 10 na zaidi ya kilomita 200 kwenda na kurudi. Kule timu ikiachwa sana na ya kwanza, muda ukifika waandaaji wanamruhusu anayesubiri aondoke bila kumngoja mwenzake, anavalishwa mkanda mwingine wa akiba. Sasa fikiria yule anayekuja. Amekimbia zaidi ya kilomita 20 na mkanda wa timu yake, anaunyoosha mikononi, anafika, hakuna mtu. Nimeshaona picha za wale vijana wamepiga magoti wameushika tu. Kwetu hakukuwa na sheria hiyo, najua, lakini pale mstarini niliogopa kana kwamba ipo.

Namba yetu ikaitwa. Nilimwona kwa mbali mkono mmoja umeshika ubavu, kichomi kilikuwa kimembana tangu kilomita ya pili (alikuja kutuambia baadaye), mwendo umevunjika lakini anakuja, na mkanda ameshauvua kabla ya wakati, ameukunja kwenye ngumi moja. Alipofika hakusema twende, hakusema kazi kwako, alisema "nisamehe". Neno hilohilo moja. Na mi tayari nimeshageuka naondoka, sikumjibu.

Nikauvaa huku nakimbia. Ulikuwa umelowa chapa, jasho la watu watatu, umenilalia shingoni baridi kama kitambaa kilichotoka kwenye ndoo, nikachomeka ncha yake kwenye bukta ili usipeperuke, na baada ya mita mia mbili hivi ukawa na joto langu, siusikii tena. Ila "nisamehe" naisikia.

Basi nikaanza kulipa. Sikuamua, miguu iliamua yenyewe, kilomita ya kwanza nikaangalia saa imeandika 4:35 na badala ya kushtuka nikafurahi, nikasema dakika 3 zake nitazirudisha mimi, akimuona kapteni asiinamishe kichwa. Kilomita ya pili hivyohivyo. Kila anayekimbia barabarani anajua kinachofuata, ukianza kwa kasi kuliko pumzi yako mwili unachoma akiba ya sukari ya kwenye misuli kwa fujo na deni lake linakuja baadaye wakati barabara bado ndefu. Langu lilikuja kilomita ya sita. Mapaja yakawa mazito, mabega yakapanda mpaka masikioni, timu nilizozipita zikanipita moja moja, na saa ikaanza kuandika 5:40, 5:50. Mtu aliyekimbia kwa utulivu alikuwa anafika kwa dakika 51 na kitu, mi nilifika kwa 53.

Hakuna aliyenituma kuzirudisha zile dakika. Hilo ndo nimekuwa nikiligeuza kichwani siku zote hizi nne. Yeye hakuniomba, kapteni hakuniomba, tena kapteni alinikataza kabisa, na bado nilichukua kitu kisicho changu nikakibeba kilomita 10, nikamwachia mwenzangu hasara juu ya hasara.

Na sasa sikilizeni. Mita mia za mwisho nikauvua mkanda, nikaunyoosha vizuri kama tulivyofundishwa, namwona kaka wa kipande cha tano ameshatoa mkono nyuma, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe ukasema "nisamehe". Hakusikia. Alishaukamata, alishakwenda, nilichoona ni mgongo wake na ncha ya mkanda inapepea kwa sababu hakuichomeka. Nikakaa chini palepale pembeni ya barabara na nikaelewa yule dada alijisikiaje aliponiona naondoka bila kumjibu.

Jioni nilimtafuta, nikamwambia dada yangu hukuwa na kosa, mwili ulikubana na ukauleta mkanda hadi mwisho. Akaniambia angekuwa anajua nitaondoka vile angeniita nirudi.

Jana tulikuwa na mazoezi. Aliniomba tupange mstari, yeye analeta mi napokea, tukarudia kama mara kumi hivi na ule mkanda, umefuliwa lakini alama za chumvi hazijatoka zote. Hata mara moja hakusema kitu. Alikuwa anaunyoosha tu.