Siku moja maishani mwangu: laini inayougua saa nne

Saa 12 asubuhi, kabla ya chai, simu inaita. Ni mhasibu wa ofisi moja ya mizigo, Shangani. "Kaka, leo usiniangushe." Wiki ya tatu hii laini yao ya data ya kukodi ya kwenda Dar es Salaam inashika na kuachia, na kila wakilalamika kampuni ya simu inajibu vilevile: tumepima, laini nzima. Msimu wa korosho umepamba moto hapa Mtwara, karatasi za makontena hazisubiri mtu.

Saa 2 nashuka kwenye bodaboda na mfuko wangu wa ming'oko. Shikamoo kwa mzee mlinzi, aliyeegemeza kiti ukutani, kisha ndani. Nafuta hesabu za makosa kwenye ruta, kifaa kinachounganisha ofisi na laini, zianze sifuri, narusha pakiti 1,000 za baiti 1,500. Zote zinarudi. Makosa ya CRC, yaani data iliyoharibika njiani: sifuri. Dada mhasibu ananitazama kama mtu aliyempeleka mtoto hospitali, homa ikashuka mlangoni.

Fundi wa kampuni akija saa hii ataandika "nzima" na aondoke, wala hatakuwa mwongo. Mimi nakaa, nakula ming'oko.

Saa 4 na dakika 10: CRC 3. Kisha 19. Kisha 240. Nje nasikia mzee anaburuta kiti, silitilii maanani.

Natoa plagi yangu ya lupu, pini 1 kwa 4 na 2 kwa 5, ili ruta isikie sauti yake yenyewe. Ukiweka lupu, saa ya kampuni inayoongoza mwendo wa biti haifiki tena, kwa hiyo nailazimisha ruta itumie saa yake ya ndani. (Hilo likumbuke. Mimi sikulikumbuka.) Lupu kwenye ruta: safi. Nasogea hadi boksi la bati lililo ukutani nje, waya za ofisi zinapokutana na za kampuni, naweka lupu ng'ambo ya vibanio: makosa yanamwagika. Basi ugonjwa uko upande wetu. Kampuni hupima mpaka hapo tu, na mimi wiki nzima nilikuwa nawasema.

"Hapo hapakaliki, mwanangu," mzee ananiambia kutoka chini ya mwembe. "Ghala la jirani linatukinga mpaka saa nne. Jua likivuka paa, bati linawaka."

Nikamwomba gunia analokalia. Nikalilowesha, nikalikamua vizuri, nikalifunika juu ya boksi lililofungwa. Dakika kumi baadaye hesabu ikasimama. Nikaliondoa; ikaanza kupanda tena.

Ndani ya boksi, waya wa tatu kati ya minne ulikuwa wa kijani, kama sarafu iliyookotwa ufukweni. Upepo wa bahari umeula miaka mingi, umebaki umeshikwa na kibanio kwa uzi mmoja. Bati likipata moto kila kitu kinatanuka na ule uzi unaachia. Nikakata sehemu iliyooza, nikabana upya zote nne, nikaziba tundu la chini linaloingiza chumvi. Saa 6 jua bado linalipiga boksi, CRC sifuri. Nikaenda Feri kula wali na pweza.

Saa 8 na nusu: "Kaka, imeanza tena."

Pweza akanigeukia tumboni. Nafika, CRC sifuri, lakini safu ya slipu inapanda: moja, kimya, moja, kimya, kama bomba linalovuja. Kosa la waya halina nidhamu hiyo. Nikakumbuka saa. Lupu nilitoa, ruta nikaiacha na saa yake ya ndani. Biti 2,048,000 kwa sekunde upande huu na upande ule, ila saa mbili hazilingani kabisa. Tofauti ikifika biti 256, fremu nzima, yaani fungu moja la biti, inatupwa au inarudiwa; hiyo ndiyo slipu. Nikaandika amri ya mstari mmoja, ruta ifuate tena saa ya kampuni. Bomba likakauka.

"Tatizo lilikuwa nini?" dada akauliza.

"Kitu kidogo nilikuwa sijakimalizia," nikasema, nikainama kukusanya vifaa.

Saa 11 naaga. Malipo kesho, baada ya saa nne kupita salama, na hapo naona dada ana haki. Mzee yeye hakuulizia laini. Alitaka gunia lake, na lilikuwa bado bichi.