Upasuaji wa Mbwa wa Uso Bapa: Usingoje Zoloto Ilegee

Mbwa anayekoroma akiwa macho ni mgonjwa. Wenye mbwa wa uso bapa kama Pug, French Bulldog na Bulldog wa Kiingereza huambiwa "ndivyo walivyo", na miaka hupita huku njia ya hewa ikiharibika.

Uzalishaji wa kuchagua umefupisha fuvu, lakini nyama za ndani hazikupungua kwa kiasi hicho. Matundu ya pua yamebana, kaakaa laini ni refu na nene, ulimi ni mkubwa, na kwa Bulldog bomba la hewa lenyewe mara nyingi ni jembamba. Mbwa huvuta pumzi kwa nguvu, na nguvu hiyo huvuta kila kilicho laini: vifuko viwili vya ndani ya zoloto (kisanduku cha sauti kilicho kooni) hupinduka, mafindofindo huvimba, kisha gegedu la zoloto hulegea na kuzama ndani. Zoloto ikishafika hapo, upasuaji wa kupanua pua na kufupisha kaakaa hauirudishi ilivyokuwa. Kwa hiyo pua iliyobana ipanuliwe mapema, hata mbwa akiwa bado hajatimiza mwaka.

Kipimo ni rahisi. Mpango wa Kennel Club ya Uingereza na Chuo Kikuu cha Cambridge, ulioanza 2019, humtaka daktari asikilize zoloto kwa stetoskopu, mbwa akimbizwe mchakamchaka kwa dakika 3, kisha asikilizwe tena na kupewa daraja 0 (hana dalili) hadi 3 (hali mbaya). Kliniki yoyote ya Nairobi au Dar es Salaam inaweza kufanya hivyo. Lakini pwani pima alfajiri: mbwa hujipoza kwa kuhema, na hewa yenye unyevu hukausha mate polepole. Mwambie daktari pia kama mbwa hulala ameketi, au hutapika povu na chakula, kwa maana mvuto uleule huvuta tumbo juu.

Kabla ya upasuaji mbwa hupewa omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumboni, na dawa ya kuzuia kutapika, kisha oksijeni kwa dakika 5 hivi kabla ya nusukaputi. Daktari huandaa mipira ya kupitisha hewa ya saizi kadhaa, ikiwemo midogo kuliko uzito wa mbwa unavyodai.

Mbwa hulazwa kifudifudi, taya la juu likaning'inizwa na ulimi ukavutwa mbele. Kaakaa hukatwa usawa wa ukingo wa nyuma wa mafindofindo, au pale linapogusa tu ncha ya kidakatonge, kile kifuniko cha zoloto. Hapa ndipo ufundi ulipo. Likibaki refu, shida inabaki. Likikatwa fupi mno, chakula na maji hupanda puani na kuingia mapafuni, na kilichokatwa hakirudi. Hukatwa kidogo kidogo huku likishonwa, ngozi laini ya upande wa pua ikiunganishwa na ya upande wa mdomo kwa uzi mwembamba unaoyeyuka, unene wa namba 4-0 au 5-0. Kaakaa nene sana halitoshi kufupishwa. Hupunguzwa nyama ya ndani, likakunjwa mbele na kushonwa. Puani hutolewa kipande chenye umbo la kabari kila upande. Damu hutoka nyingi, na mishono ndiyo huizuia. Kabari ikiwa ya juujuu tu, pua hupendeza kwa nje na ndani hubaki imebana.

Saa ya kuogopwa zaidi ni ya kuamka. Mpira wa hewa usitolewe kooni kwa sababu tu mbwa amefumbua macho. Abaki nao akiwa amelala kifudifudi, kichwa kimeinuliwa, mpaka aukatae mwenyewe. Pamba zote zilizowekwa kooni zihesabiwe kabla. Koo huvimba, hivyo dawa ya kusinzisha, mipira midogo na vifaa vya kutoboa koo viwe mezani. Omba upasuaji ufanyike asubuhi, na kliniki isiyo na mtu wa kukesha usiku iache kazi hii kwa nyingine.

Nyumbani, kwa wiki 2 mpe chakula laini kilichofinyangwa matonge madogo, kwa mkono, si punje kavu. Mkanda wa kifuani badala ya kola, bila mbio wala jua. Akikohoa na kuwa na homa, akihema kwa tumbo, au ufizi ukigeuka buluu, rudi kliniki saa hiyohiyo. Mnene apunguzwe uzito, maana mafuta ya shingoni hubana njia ileile.

Wengi hupata nafuu kubwa, lakini si wote hupumua kama mbwa wa pua ndefu, na joto litabaki hatari kwao. Aliyepasuliwa asizalishwe, kwa kuwa fuvu fupi hurithiwa hata kama pua imepanuliwa. Hali yake ikiruhusu, ahasiwe katika usingizi huohuo, asije akalazwa tena.