Simu iliyoingia maji itadumu muda gani?

Simu ikitumbukia kwenye maji, ikatolewa, ikawaka, wengi huhesabu imepona. Mara nyingi bado. Kinachoiua si maji matupu, ni umeme wa betri kupita kwenye maji yenye chumvi. Hata ukiizima simu, betri bado inapeleka umeme kwenye bodi (sahani ya sakiti iliyo ndani ya simu), na penye unyevu umeme huo humung'unya shaba na risasi ya kulehemu. Kutu ya kijani inaota kati ya pini na pini mpaka zinapiga shoti.

Ndiyo maana muda unategemea kwanza ni maji gani. Maji ya bahari yana wastani wa gramu 35 za chumvi kwa lita. Simu iliyozama baharini asubuhi, betri ikabaki imechomekwa, jioni inaweza isiwake tena. Maji ya mvua au ya bomba yanakupa nafasi zaidi: ikisafishwa mapema inaweza kufanya kazi miaka, isiposafishwa inaweza kufa baada ya wiki au miezi, wakati mwenyewe ameshasahau. Soda na chai zikikauka huacha sukari inayonata kwenye spika na vitufe na kuvuta unyevu upya.

Basi izime papo hapo, na usiiwashe kujaribu. Usiichomeke kwenye chaji kabisa. Chaja nyingi za haraka hupandisha hadi volti 9 au zaidi, na tundu la chaji ndilo linaloungua mapema. Toa kava, laini na memori kadi. Kama ni kitochi, chomoa betri, na kama kilizama baharini au kwenye soda, kisuuze kwa maji safi. Simu yenye IP68 (alama ya kiwango cha kuzuia vumbi na maji) nayo husuuzwa hivyo hivyo ikiwa imezimwa. Kisha elekeza tundu chini, igonge taratibu kwenye kiganja, iache mbele ya feni.

Mchele achana nao. Apple wenyewe wanaukataza kwa sababu chembe zake zinaweza kuharibu simu, na hata ungenyonya unyevu wote, chumvi ingebaki palepale chini ya vifuniko vya bati vya bodi. Draya ya nywele husukuma maji ndani zaidi.

Dawa ya kweli ni kufunguliwa, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Fundi anayejua kazi anachomoa betri kabla ya kugusa kingine chochote, anatoa vifuniko vya bati, anasugua bodi kwa mswaki laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 ina maji ndani yake, na tina (kiyeyusho cha rangi) hula plastiki. Ikishakauka, bodi inapewa volti 4 kutoka kwenye pawa saplai. Hapa simama uangalie: kabla kitufe cha kuwasha hakijabonyezwa, usomaji wa ampia uwe karibu na sifuri. Ukiona makumi ya miliampia, kuna sehemu inavuja umeme, na simu hiyo itamaliza chaji hata ikiwa imezimwa.

IP68 isikudanganye. iPhone 12 na nyingi zilizofuata zimepimwa mita 6 kwa dakika 30, lakini kwa maji safi, maabara, simu ikiwa mpya. Gundi na mipira inachakaa, na simu iliyowahi kufunguliwa bila kubandikwa gundi mpya haina kinga hiyo tena.

Dalili kwamba kutu inaendelea ni hizi: mwanga wa kioo kufifia, kwa kuwa sakiti yake hutumia volti nyingi kuliko sehemu nyingine za bodi, simu kupata moto ikiwa imelala tu, chaji kukubali upande mmoja wa waya, ukungu kwenye kamera. Betri ikivimba, acha kuitumia na usiitoboe.

Ikishakauka na kuwaka, kazi ya kwanza ni kuhamisha picha, namba na nyaraka. Kwenye simu janja za sasa memori imefungwa kwa ufunguo uliomo ndani ya prosesa, hivyo bodi ikifa, kung'oa chipu ya memori na kuiweka kwenye simu nyingine hakurudishi kitu. Hamisha leo, hata kama simu inaonekana nzima.