Mshumaa Bondeni

Mbuzi wawili wa nyanya yangu walikufa asubuhi moja ya mwaka 1988, katika bonde dogo la mawe ya volkano nyuma ya shamba lake huko Bulengo, magharibi ya mji wa Goma. Hawakuwa na jeraha wala povu mdomoni. Nyanya, ambaye sisi wajukuu tulimwita Koko, hakushangaa. Alinigombeza mimi niliyewafungulia kabla jua halijapanda. Bonde lile lilikuwa na mazuku, ile hewa isiyoonekana inayotuama mabondeni na kuua, na kuhusu mazuku Koko alikuwa na kanuni zake: usishuke alfajiri wala baada ya magharibi, usiiname kuokota kitu hata ukiona ndege aliyekufa, na ukitaka kupitisha mifugo, ngoja adhuhuri.

Nilikuwa na umri wa miaka 16, na mwalimu wetu wa kemia alikuwa bado akizungumzia msiba wa Ziwa Nyos nchini Kamerun, ambako usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 gesi ya kaboni dioksidi ilifumuka kutoka ziwani, ikatiririka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na maelfu ya ng'ombe. Kwetu habari hiyo haikuwa ya mbali, kwa sababu maji ya kina ya Ziwa Kivu nayo yameshika gesi hiyo hiyo, pamoja na methani, kwa wingi unaoupita mbali ule wa Nyos. Nilipomsimulia mwalimu juu ya mbuzi, hakunieleza lolote. Aliniuliza upepo ulikuwa ukitoka wapi, mimi nilisimama wapi, na vichwa vya mbuzi vilikuwa kimo gani kutoka ardhini. Niliweza kujibu swali moja tu. Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe.

Alikuja na mshumaa, ufito mrefu, kamba, bakuli, na chupa ya maji ya chokaa aliyoyachuja mpaka yakawa maangavu. Tulisimama ukingoni kabla ya mapambazuko, upande unakotoka upepo, naye akaweka jiwe ambalo sikuruhusiwa kulivuka. Mshumaa uliofungwa kwenye ncha ya ufito uliwaka vizuri mpaka ulipofika kimo cha goti la mtu, kisha ukazimika ghafla kana kwamba umetumbukizwa majini, na moshi wa utambi, badala ya kupanda, ukatandaa juu ya kitu tusichokiona. Bakuli la maji ya chokaa tulilolishusha kwa kamba lilirudi likiwa na utando mweupe. Mwalimu alinieleza kwamba Joseph Black, mwanakemia wa Uskoti, aliitambua gesi hii ya kaboni dioksidi katika miaka ya 1750 kwa maji kama hayo, akagundua kwamba ndiyo inayotoka hata katika pumzi zetu. Nilitazama utando ule kwa muda mrefu. Chokaa tuliyopaka ukutani ilikuwa imetoa ushahidi.

Kisha akafungua daftari na kuandika, kabla ya kupima, kwamba adhuhuri mshumaa utazimika pale pale, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu na haina sababu ya kutoka shimoni. Aliandika pia kwamba kanuni ya tatu ya Koko ilikuwa kosa, tena kosa la hatari. Adhuhuri ilipofika mshumaa ulishuka hadi kwenye mawe ukiwaka. Tulirudia mara tatu, na mara zote tatu uliwaka. Kwa kumheshimu nilichukua kifutio, naye akanishika mkono.

“Usifute. Ukifuta nilipokosea, kesho hatutajua tumejifunza nini.”

Chini ya kosa lake aliandika: Koko amesema kweli. Kwa nini? Ndipo akaenda kumwuliza mwenyewe.

“Mwalimu, jua likiwaka ziwa linapumua huku, na mazuku yanaondoka,” Koko alimjibu. “Siku ziwa lisipopumua, mimi sipitishi mbuzi.”

Kanuni ilikuwa na sharti lake tangu zamani, yaani upepo utokao ziwani, ila hakuna aliyekuwa amemwuliza. Wiki mbili baadaye tulipata adhuhuri ya mawingu isiyo na upepo, na mshumaa ulizimika kwenye kimo cha kifundo cha mguu.

Nimefanya kazi ya kupima gesi kwa miaka mingi tangu siku hiyo, na naliheshimu lile neno “kwa nini” kuliko jibu lolote nililowahi kulipata. Hata kuhusu Nyos mabingwa waligawanyika. Haroun Tazieff, aliyeliona ziwa la lava la Nyiragongo mwaka 1948 na ambaye jina lake lilikuwa kubwa katika elimu ya volkano, alishikilia kwamba kulitokea mlipuko chini ya ziwa. Wengine walisema gesi ilikuwa imejilimbikiza polepole katika maji ya chini mpaka yakapinduka. Jina lake halikuamua shauri. Watafiti wengi waliona kwamba vipimo vya maji ya ziwa viliunga mkono maelezo ya pili.

Lakini ninayemkumbuka zaidi ni Koko, aliyelitazama bakuli lile kisha akauliza: “Dumu langu la kasiksi, pombe ya ndizi, nalo linatoa hewa usiku kucha. Je, ni mazuku pia?”

Mwalimu alinyamaza, akafungua ukurasa mpya na kuandika swali hilo kama lilivyotamkwa. Jumamosi iliyofuata tulitoboa kifuniko cha dumu, tukapitisha mpira wa seramu hadi ndani ya maji ya chokaa, na sote watatu tukachuchumaa kando ya chupa, tukihesabu mapovu, mpaka maji yakaanza kugeuka kama maziwa. Koko aliinuka, akalibeba dumu lake kutoka chumba walimolala watoto, akalipeleka nje chini ya mgomba.